Bagan: Lipi Refu, Lipi Pana, Lipi Kongwe

Kwa karibu miaka mia mbili na hamsini, wafalme, malkia, mawaziri na matajiri wa Bagan walishindana kwa matofali. Kila mwenye uwezo alitaka kuacha hekalu, na mwenye uwezo zaidi aliacha mawili. Mji wenyewe uko katikati ya Myanmar, nchi ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la Burma, mahali ambapo mto Ayeyarwady unapinda kuelekea kusini. Orodha ya UNESCO ina majengo na mabaki 3,595. Mashindano ya namna hiyo huacha rekodi, na rekodi huzaa ubishi. Nimekusanya hapa zile ninazoona zina uzito, pamoja na chache ambazo waongoza watalii huzitangaza kwa sauti kubwa kuliko ushahidi wake.

Msimu wa kwenda

Bagan huendewa kati ya Novemba na Februari. Pepo za kaskazini mashariki zinazovuma Asia miezi hiyo ni ukoo mmoja na kaskazi yetu, ila kaskazi ikituchoma Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, kule uwandani ni kipupwe. Alfajiri ya Januari joto hushuka hadi nyuzi 13 au 15, mchana likapanda karibu na 30, na siku nyingi hupita bila wingu la maana. Chukua sweta, na soksi za kuvaa njiani, kwa kuwa ndani ya uzio wa kila hekalu viatu na soksi vyote huvuliwa, na sakafu ya mawe saa kumi na mbili asubuhi haina huruma.

Ukanda huu ndio mkavu kuliko sehemu nyingine zote za nchi. Milima ya Rakhine iliyoko magharibi huyakinga mawingu yanayotoka Ghuba ya Bengal: pwani hupata zaidi ya milimita 4,000 za mvua kwa mwaka, Bagan haifikishi 800. Ndiyo maana mandhari yake ni ya miiba, ufuta, karanga na mivumo. Wagema hupanda mivumo hiyo kwa ngazi nyembamba za mianzi, na utomvu wanaoushusha huwa tembo, au huchemshwa ukawa sukari guru. Msomaji wa pwani hatahitaji kuelezwa kazi hiyo.

Aprili usiende. Tarehe 28 Aprili 2024 mji wa Chauk, ulioko kusini kidogo mwa Bagan kando ya mto uleule, ulipima nyuzi 48.2, joto la Aprili ambalo Myanmar haikuwahi kulirekodi kabla ya hapo.

Idadi, na sababu yake

Rekodi kuu ya Bagan ni wingi. Mahekalu marefu kuliko ya hapa yapo kwingine. Hata Shwedagon ya Yangon, yenye mita 99, inayapita yote kwa mbali. Lakini huwezi kusimama Yangon ukageuka pande zote nne na kila upande ukaona minara hadi macho yachoke. Inakadiriwa kwamba kati ya karne ya 11 na ya 13 yalijengwa zaidi ya majengo 10,000 ya ibada kwenye uwanda huu. Yaliyosimama leo ni zaidi ya 2,000.

Kwa nini mengi hivyo? Jibu ni sadaka. Katika Ubudha wa Theravada, anayejenga hekalu au nyumba ya watawa hujipatia thawabu itakayomfuata katika maisha yake yajayo, na thawabu hiyo huendelea kadiri jengo linavyotumika. Anayejua maana ya sadaka ya kudumu ameshaelewa nusu ya historia ya Bagan. Mtoaji hakuishia kwenye matofali. Alitoa pia mashamba ya mpunga ya kulitunza hekalu, ng'ombe, na watu wa kulitumikia wao na vizazi vyao, kisha akachongesha jiwe lenye orodha ya vyote hivyo. Mara nyingi mwisho wa jiwe huwa na laana kwa yeyote atakayethubutu kuvigusa. Mawe hayo ndiyo daftari la uchumi wa dola nzima.

Na daftari hilo lina hesabu mbaya. Ardhi ya wakfu haikutozwa kodi. Mwanahistoria Michael Aung-Thwin amekadiria kwamba kufikia mwishoni mwa karne ya 13, kati ya theluthi moja na theluthi mbili ya ardhi ya kilimo ya Burma ya juu ilikuwa mikononi mwa dini. Mfalme asiye na ardhi ya kugawa hana wa kumtii. Wamongolia hupewa lawama kwa kuanguka kwa Bagan, na walikuja kweli, lakini walipofika hazina ilikuwa imekwisha kugeuzwa minara. Mtalii anayestaajabia wingi wa mahekalu anaitazama pesa ya serikali iliyokosekana.

Refu

Thatbyinnyu, la mfalme Alaungsithu, katikati ya karne ya 12. Vitabu havikubaliani juu ya kimo chake, lakini vyote hukipeleka juu ya mita 60, na hakuna hekalu la Bagan linalolifikia. Ni jengo jeupe lenye chumba kikuu cha sanamu ghorofani badala ya chini.

Mimi ningekuonyesha kijengo kidogo kilicho jirani yake. Inasimuliwa kwamba waashi wa Thatbyinnyu waliweka kando tofali moja kwa kila matofali 10,000 waliyoyatumia, na kazi ilipoisha wakayachukua yale ya kando wakajengea kihekalu. Iwe kweli au hadithi, ni mhasibu wa aina yake: hesabu yake inaingiwa kwa mlango.

Pana, na katili

Dhammayangyi ni zito kuliko yote. Kila upande wa jengo lake la katikati una karibu mita 78, na ukiliona kwa mbali hudhani ni piramidi iliyokatwa kichwa. Mjenzi wake, Narathu, alitawala miaka michache tu kuanzia 1167. Masimulizi ya kifalme yanasema alimziba pumzi baba yake, Alaungsithu yuleyule, akamuua na kaka yake, na kisha akajenga hekalu kubwa kuliko la baba ili kufuta madhambi.

Uashi wake hauna mpinzani Bagan nzima. Matofali yamebanana kiasi kwamba ni shida kupenyeza kitu katikati yake, na hadithi ya papo hapo inadai mfalme alipita na sindano: ikipenya, mwashi alikatwa mkono. Sindano siwezi kuithibitisha. Kinachoonekana ni kwamba njia ya ndani ya kulizungukia hekalu imezibwa kwa vifusi vya matofali tangu zamani, na wataalamu bado wanabishana kama vilitiwa ili kuimarisha jengo au waashi walilipiza kisasi mfalme alipouawa. Popo wamejichukulia sehemu yao.

Kongwe, kwa maneno tu

Kila mwongoza watalii atakupeleka Bupaya, kistupa (mnara wa ibada usioingiwa ndani) cha dhahabu chenye umbo la kibuyu kilicho ukingoni mwa mto, na kukuambia ndicho cha kale kuliko vyote, cha karne ya tatu. Wanaakiolojia hukisogeza mbele kwa mamia ya miaka. Na hata wao wanazungumzia kistupa ambacho hakipo: tetemeko la tarehe 8 Julai 1975 lilikivunja na kukiangusha mtoni, na unachokiona ni ujenzi mpya uliofanywa baada ya hapo. Kwa hiyo jengo “kongwe” la Bagan ni dogo kwa umri kuliko uhuru wa Tanganyika. Nenda jioni kwa ajili ya mto. Kwa sababu ya ukongwe usihangaike.

Finyu

Manuha ndilo hekalu pekee linalonifanya niamini kwamba mjenzi alikuwa na jambo la kusema. Masimulizi ya kale yanalinasibisha na Manuha, mfalme wa Wamon aliyetekwa Thaton na kuletwa Bagan mateka, na mwaka wake hutajwa kuwa 1067. Wanahistoria wa leo wana mashaka na vita hivyo vya Thaton. Lakini ingia. Sanamu tatu kubwa za Budha aliyeketi zimebanwa kwenye vyumba ambamo haziwezi kupumua: mabega yanagusa kuta na kichwa kinakaribia dari. Mgeni hupita kwa ubavu. Nyuma ya sanamu hizo yuko Budha wa nne, amelala, anaiaga dunia, naye anatabasamu.

Kupendwa na kujazwa watu

Kwa kupendwa, la kwanza ni Ananda, la mfalme Kyanzittha, ambalo mwaka wake hutajwa kuwa 1105. Ramani yake ni msalaba ulio sawa pande zote, kimo chake mita 51, na ncha yake ilipakwa dhahabu mwaka 1990 kusherehekea miaka 900, kwa hesabu inayolianzisha hekalu mapema zaidi. Ndani wamesimama Mabudha wanne wenye mita tisa na nusu kila mmoja, wakitazama pande nne za dunia. Wa kaskazini na wa kusini ndio wa asili. Wale wawili wengine ni wa baadaye. Mtazame wa kusini ukiwa mbali, unamwona anacheka. Msogelee hadi miguuni, amekunja uso. Mchongaji alijua mfalme angesimama wapi na raia angesimama wapi, au ndivyo wenyeji wanavyopenda kusema.

Ukipata nafasi ya kuchagua wiki, chagua ya mwezi mpevu wa Pyatho, unaoangukia Desemba au Januari. Ndipo linapofanyika tamasha la Ananda, kubwa kuliko yote ya Bagan. Familia za wakulima huja kutoka vijijini, nyingine kwa mikokoteni ya ng'ombe, hupiga kambi kuzunguka hekalu, na watawa husoma maandiko kwa zamu usiku na mchana. Asubuhi ya mwezi mpevu watu hujaza mabakuli ya watawa kwa mchele, matunda na vifurushi. Ni gulio pia: blanketi, sufuria, vikapu, vitu vya kuchezea watoto. Mavuno yameingia, baridi imefika, pesa ipo.

Majivuno

Stupa ya Mingalazedi ni ya mwisho katika zile kubwa. Aliyeijenga, Narathihapate, aliacha maandishi yanayomtaja kama amiri wa askari milioni 36 na mlaji wa vitoweo 300 kwa siku. Ujenzi, inasimuliwa, ulisimama miaka sita kwa hofu ya utabiri kwamba stupa ikikamilika ufalme utakwisha. Ilikamilika 1284. Muda si mrefu majeshi ya Wamongolia ya Kublai Khan yalikuwa yanashuka kutoka Yunnan, mfalme wa vitoweo 300 akakimbilia kusini, na watu wakampa jina la mfalme aliyewakimbia Wachina. Mwaka 1287 aliuawa na mwanawe mwenyewe. Stupa, lakini, ina vigae vyenye michongo vizuri kupita kiasi, na watalii wachache.

Rekodi ya vita, yenye watu wetu ndani yake

Februari 1945, mwishoni mwa msimu huuhuu wa ukavu, jeshi la Jenerali Mwingereza William Slim lilihitaji kuvuka Ayeyarwady kuelekea mji wa Meiktila. Mahali palipochaguliwa ni Nyaung-U, mji wa soko ulio mlangoni pa Bagan. Tarehe 14 Divisheni ya 7 ya India iliingia kwenye mashua huku Wajapani wakiwa ng'ambo. Slim alieleza baadaye kwamba ulikuwa uvukaji mrefu kuliko wote wa mto wenye adui upande wa pili uliojaribiwa katika Vita Kuu ya Pili.

Ili Wajapani waangalie kwingine, Brigedi ya 28 ya Afrika Mashariki, yenye vikosi vya Keya (King's African Rifles) vya Uganda, Tanganyika na Somaliland, ilitumwa kusini hadi Seikpyu, mkabala na Chauk na visima vyake vya mafuta, ikajifanya kuwa ndiyo inayotaka kuvuka. Ujanja ulifaulu kuliko ilivyotakiwa. Wajapani waliwaangukia kwa nguvu zote na kuwarudisha nyuma hadi Letse, ambako mapigano yaliendelea. Vitabu vya utalii vya Bagan havina hata sentensi moja juu ya vijana hao. Kama nyumbani kwenu kuna babu aliyewahi kusema alipigana Burma, muulizeni au tafuteni karatasi zake.

Aibu

Wagombea ni wengi, nami nitawataja watatu.

Mwaka 1899 Mjerumani Thomann aliingia katika hekalu la Gubyaukgyi la Wetkyi-in akaikata michoro ya ukutani vipande vipande na kuondoka nayo. Mapengo yapo hadi leo ukutani.

Mwaka 1990 serikali ya kijeshi iliwahamisha wakazi wa Bagan ya Kale, waliokuwa wakiishi katikati ya mahekalu, na kuwapeleka kwenye kitongoji kipya kusini, palipokuwa mashamba ya karanga. Mtalii hulala huko leo na kuona mitaa iliyonyooka, asijue sababu yake.

Kisha likaja wimbi la ukarabati wa miaka ya 1990 na kuendelea: watoa sadaka walilipa, mafundi wakajenga vilele vya matofali mapya na saruji juu ya misingi ya zamani, mara nyingi kwa kukisia umbo. Mwaka 2005 ukafunguliwa mnara wa kutazamia wa takriban mita 60, unaoingilia mandhari ya karibu kila picha. Bagan ilipendekezwa kwa UNESCO katikati ya miaka ya 1990 na haikuingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia hadi Julai 2019. Mimi ni mkali kwa mnara huo kuliko kwa vilele vipya. Aliyelipia kilele alifanya alichofanya babu yake wa karne ya 12, kujitafutia thawabu; mnara umejengwa kwa ajili ya kiingilio.

Mitetemeko

Tetemeko la 1975 lilikuwa baya kuliko mengine katika kumbukumbu za watu walio hai. Liliporomosha sehemu ya juu ya Gawdawpalin, hekalu lenye mita 55. Tarehe 24 Agosti 2016 lingine la ukubwa wa 6.8 liliharibu karibu majengo 400, na kilele cha hekalu la Sulamani kikadondoka. Baada ya hapo kupanda mahekalu kukapigwa marufuku, pamoja na Shwesandaw, ambako wageni walikuwa wakijazana kila magharibi. Leo machweo hutazamwa kutoka kwenye vilima vya udongo vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Puto za hewa moto, zilizoanza kuruka hapa mwaka 1999, zina msimu wake wa Oktoba hadi Aprili, hewa inapokuwa imetulia asubuhi. Bei yake ni ya kufikiriwa mara mbili. Tetemeko la tarehe 28 Machi 2025, la ukubwa wa 7.7, liliumiza zaidi Mandalay na Sagaing.

Juu ya hayo kuna vita. Tangu jeshi lichukue madaraka tarehe 1 Februari 2021, mapigano yamesambaa sehemu nyingi za nchi na watalii wamepungua sana. Anayetaka kwenda asome kwanza tahadhari za usafiri za serikali yake, aulize bima yake inasema nini, na akifika pesa yake aiweke mkononi mwa wenyeji: nyumba ndogo za wageni, wenye pikipiki za umeme za kukodi, wachuuzi wa soko la Nyaung-U. Kijiji cha Myinkaba kina mafundi wa vyombo vya laka, ambao hupaka utomvu mweusi wa mti wa thitsi juu ya mianzi iliyosukwa au manyoya ya farasi, tabaka moja baada ya jingine, wakikausha kila tabaka katika chumba cha chini ya ardhi kabla ya kuchora. Chombo kizuri huchukua miezi. Ukitajiwa bei, usilinganishe na bakuli la plastiki.

Chaguo langu

Myinkaba hiyohiyo kuna Gubyaukgyi nyingine, na kwangu ndiyo inayobeba kombe. Kyanzittha alikuwa na mwana aitwaye Rajakumar, lakini kiti cha enzi alikwisha kumwahidia mjukuu. Mfalme alipougua ugonjwa wa kufa, Rajakumar hakukusanya askari. Aliyeyusha mapambo yaliyokuwa ya marehemu mama yake, akatengeneza sanamu ya Budha ya dhahabu, akampelekea baba yake kitandani, akatoa wakfu vijiji vitatu vya watumwa alivyorithi kwa mama, na akajenga hekalu hili. Habari hiyo aliichonga mwaka 1113 kwenye nguzo ya mawe yenye pande nne, kila upande kwa lugha yake: Kipali, Kimon, Kipyu na Kiburma. Ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi ya Kiburma yaliyobaki, na ndiyo yaliyomwezesha Charles Otto Blagden mwanzoni mwa karne ya 20 kuisoma lugha ya Kipyu, iliyokuwa imekufa na kusahaulika. Tangu 2015 nguzo hiyo imo katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu za Dunia.

Ndani ya hekalu kuta zimejaa michoro ya wakati huohuo, visa vya maisha ya Budha vyenye maelezo ya Kimon chini ya kila picha. Madirisha ni madogo, yametobolewa kwenye jiwe, na giza ni kubwa. Picha haziruhusiwi kupigwa, kwa hiyo simu yako haitakusaidia: nenda na tochi nzuri, na ulipe hekalu hilo asubuhi nzima.